Waingereza walioandika kuhusu shamba na kijiji: nisome nani baada ya huyu mzee wa farasi?

MjukuuWaMuheza (Jumatatu, saa 3:20 usiku)

Wakuu, habari za usiku. Swali langu ni la vitabu, wale wa mpira mnisamehe.

Wiki mbili zilizopita nilishuka Posta nikapita kwa muuza vitabu vya mtumba anayetandika turubai lake pembeni ya njia, jirani na Samora. Nilikuwa natafuta kitabu cha hesabu cha mtoto, sikukipata. Nikaondoka na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, shilingi elfu tatu, na bei ilianzia elfu saba. Ndani kuna mtu anaitwa William Cobbett. Miaka ya 1820 anazunguka kusini mwa Uingereza juu ya farasi, anatazama mashamba ya watu na kugomba. Anagomba, jamani! Anagombana na kodi, anagombana na viazi, na chai, na matajiri wa mjini waliopata pesa kwa kuikopesha serikali kisha wakaja kununua ardhi ya vijijini. Akiona shamba limelimwa vizuri anasimama kulisifu ukurasa mzima. Akiona vibarua wanalala kwenye vibanda vibovu kando ya ngano iliyokomaa, hapo anawaka.

Mimi nakaa Chanika, kazi yangu iko mjini. Kitabu nimekisomea kwenye daladala, mara nyingi nimesimama. Kuna jioni tulikwama Gongo la Mboto, mvua inapiga, kondakta anasema sogeeni nyuma kuna nafasi, na nafasi hakuna, nami nikafika mahali anapoizungumzia London. Hasemi London. Anaiita Uvimbe Mkubwa, kile kinundu kinachonona kwenye mwili wa mtu huku mwili wenyewe unakonda. Nilicheka peke yangu mpaka mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akaniangalia vibaya.

Sasa sababu ya kuuliza. Bibi yangu mzaa baba yuko Muheza, anakaribia miaka tisini. Babu alikata mkonge miaka mingi kabla hajapata michungwa yake mwenyewe. Nataka kuandika habari za kijiji chetu bibi angali anasema. Nimenunua kaunta buku, nimejaza kurasa kumi na moja. Nikizisoma naona kama tangazo la utalii: upepo mwanana, ndege wanaimba, bibi anatabasamu mlangoni. Bibi yangu hajawahi kutabasamu mlangoni. Akikuona unakuja anauliza umeleta nini.

Nikasema hawa Waingereza wameandika kijiji miaka na miaka, lazima kuna la kujifunza. Jumamosi nikaenda Maktaba Kuu pale Bibi Titi, nikapekua viwili vitatu. Kilichonishangaza ni kwamba kila mmoja analia. Huyu wa 1770 kijiji kimekufa juzi. Yule wa 1912 kijiji kimekufa juzi. Kilikufa mara ngapi? Na nimsome nani ambaye hatanifanya niendelee kuandika upepo mwanana?

Kandambili (Jumatatu, saa 3:51 usiku)

Mkuu, tulishatawaliwa, sasa na kijiji waje watufundishe? Kamtafute Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Aliandika riwaya yake kwa Kikerewe, akaimaliza 1945, ikakaa mpaka 1980 ndipo ikatoka kwa Kiswahili. Mle utakuta namna ya kutega samaki, kutunza ng'ombe, kupeleka posa, dawa ya mke asiyepata mtoto, pombe ya ndizi inavyokamuliwa, yote hatua kwa hatua. Wala hakuna upepo mwanana. Ni kitabu kinene, kwenye daladala ukikishika kwa mkono mmoja utamuumiza mtu.

Ila huyo wa Uvimbe Mkubwa nimempenda. Angepita Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili jioni angeandika nini?

Mwalimu Mstaafu Tabata (Jumanne, saa 12:40 asubuhi)

Wanangu, hamjambo. Nimefundisha Kiingereza na fasihi sekondari miaka thelathini na moja, sasa niko Tabata na kuku wangu. Swali kama hili nimelisubiri muda mrefu maana wajukuu wangu hawaniulizi.

Kandambili kasema kweli kuhusu Kitereza, msome. Lakini kijana kauliza Waingereza, nami nitajibu Waingereza.

Cobbett ni mwanzo mzuri, ila angalia alipokaa. Amekaa juu ya farasi. Udongo anaujua, baba yake alikuwa mkulima pale Farnham, na kazi yake ya kwanza utotoni ilikuwa kufukuza ndege shambani. Lakini anapoandika safari zile yeye ni mwenye gazeti. Anapita, analala nyumba ya wageni, kesho hayupo. Mtu wa juu ya farasi anaona mbali, anaona ua na kilichoko nyuma ya ua. Mkono wa anayelima hauoni vizuri, unakuwa chini sana. (Mwaka 1828 mzee huyohuyo alitoa kitabu kizima kuwahimiza Waingereza walime mahindi, akayapa mahindi jina lake mwenyewe. Sembe ya Cobbett! Hawakumsikiliza.)

Ukitaka mkono, rudi nyuma miaka mia moja. Mwaka 1730 lilichapwa shairi la Stephen Duck, kibarua wa Wiltshire, kuhusu kazi yake ya kupura nafaka ghalani. Mimi ni mtu wa Singida. Sisi tulipura mtama na uwele kwa fimbo, watu wamesimama wakitazamana, huyu akishusha yule anainua, ukikosea zamu fimbo zinagongana na mzee anakutukana mbele ya wakwe. Vumbi la mtama linaingia shingoni, kwapani, linawasha usiku kucha. Nilipomsoma Duck mara ya kwanza, nikiwa chuo, nilijikuna. Kweli kabisa, nilijikuna. Mle mna zamu zilezile za fimbo. Anasema wachungaji wanaweza kupiga hadithi wakiwa kazini, wao hawawezi, sauti inamezwa na kishindo. Wakipura njegere wanarudi nyumbani weusi kwa vumbi, wamekuwa kama Waethiopia, watoto wanawakimbia wakidhani zimwi limekuja. (Hapo kwenye Waethiopia nilimsamehe. Alikuwa hajatuona.) Na bosi akija anaangalia rundo tu, anauliza mbona kidogo.

Malkia Caroline alilipenda shairi, akampa pensheni na nyumba. Baadaye Duck akawa kasisi. Mwaka 1756 alikufa maji. Sijui kama nyumba ya malkia ilimsaidia.

Sasa utamu wenyewe. Katika shairi lile Duck aliwacheka wanawake wanaokuja kukusanya nyasi: mdomo mwingi, kazi kidogo. Huko Petersfield, Hampshire, kulikuwa na mama dobi anaitwa Mary Collier. Akayasoma mashairi ya Duck, akayakariri, akayabeba kichwani. Mwaka 1739 akamjibu, kwa shairi, kwa mizani ileile. Anamwambia hivi, kwa maneno yangu mimi: wewe ukitoka kazini umemaliza, sisi tukitoka shambani ndiyo tunaanza. Chungu cha nyama nani kainjika? Kitanda nani katandika? Nguruwe nani kawapa chakula? Watoto tunakwenda nao shambani, tunawafunika kwa nguo zetu wasipigwe na baridi. Halafu kuna zile siku za kufua kwa matajiri. Mnaamka usiku wa manane, maji, sabuni, kusugua, mwenye nyumba anashuka asubuhi kukumbusha kwamba ile lesi ishikwe taratibu, na damu inatoka kwenye vifundo vya mikono na vidole. Ujira wa siku nzima ni senti sita au nane za kwao.

Nilipowasomea wasichana wa kidato cha tano wale niliokuwa nao, walipiga meza mpaka mkuu wa shule akaja kuchungulia.

Kwa hiyo kabla sijakutajia mwingine, fungua hilo kaunta buku lako. Kurasa kumi na moja. Babu yupo anakata mkonge. Alfajiri ile anaondoka, nani kawasha moto?

MtazamaNdege (Jumanne, saa 4:05 asubuhi)

Shikamoo Mwalimu. Ndugu mwuliza swali, naomba nikuongezee mmoja ambaye hakupura chochote. Alikaa tu akaangalia, lakini aliangalia kweli.

Gilbert White, alizaliwa 1720, kasisi msaidizi katika kijiji cha Selborne. Kitabu chake ni barua alizowaandikia marafiki wawili wapenda viumbe, kilitoka 1789. Karibu maisha yake yote aliangalia kijiji kimoja tu. Kuna kobe, Timothy, aliyerithi kwa shangazi yake, anaandika siku aliyojichimbia ardhini kulala na siku aliyotoka. Walikuja kugundua baadaye kwamba Timothy ni jike. Kuna nyungunyungu: White alisema mapema kwamba hao wanyoo ambao kila mtu anawadharau ndio wanaoifanya ardhi ipumue na iotee. Kuna ndege watatu wadogo wa rangi ya majani, wanafanana kama mapacha, akawatenganisha kwa kusikiliza nyimbo zao.

Kilichonifunga mimi ni mbayuwayu. Nakaa Kunduchi. Kuanzia mwezi wa tisa, wa kumi, wanakuja kujipanga kwenye nyaya za umeme, na masika ikishika wanaanza kupungua. Mzee White huko kwake alikuwa anaona upande wa pili wa jambo hilohilo. Vuli yao inafika, mbayuwayu hawapo. Wamekwenda wapi? Ndugu yake aliyekuwa Gibraltar alimwandikia kwamba anawaona wakivuka bahari. Lakini White hakuacha kushuku kwamba baadhi wanajificha kwenye mashimo, hata majini, wakalala mpaka joto lirudi. Alikufa 1793 jambo hilo halijamtoka.

Mwaka 1911 ndege mmoja alivishwa pete mguuni huko Staffordshire. Desemba 1912 akakutwa Natal, Afrika Kusini. Mimi nikiwaona wale kwenye waya najisemea, mzee, tunao hapa.

Wengi wa hapa kwetu huenda wanatoka nchi nyingine za Ulaya na Asia, si Selborne. Sitaki wataalamu wanirukie.

MjukuuWaMuheza (Jumanne, saa 2:30 usiku)

Mwalimu, shikamoo sana. MtazamaNdege, asante kaka, nimemtumia mke wangu hiyo ya kobe.

Nimefungua kaunta buku. Moto hakuna aliyewasha. Bibi hayumo kabisa, yumo pale mlangoni tu akitabasamu. Nimeona aibu.

Niulize jambo lingine. Cobbett kila akipita anataja ardhi iliyozungushiwa ua, na kwenye maktaba nikaona wengi wanataja hilohilo. Nimelielewa kwa macho ya Chanika. Nilipohamia, nyuma ya nyumba yangu palikuwa na mikorosho na njia ya mkato ya kwenda kisimani, watoto wanaokota mabibo, hakuna anayeuliza. Siku moja wakaja vijana na kamba na ile mashine ya miguu mitatu, wakachimbia bikoni. Baada ya miezi sita ukuta. Njia ya kisimani sasa inazunguka mpaka barabarani. Kwa Waingereza ilikuwa ndiyo hivi?

Mwalimu Mstaafu Tabata (Jumanne, saa 4:10 usiku)

Marahaba mwanangu. Ndiyo hivi, ila kwa sheria ya Bunge, kijiji baada ya kijiji. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lao lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua ardhi, ekari milioni 6.8 hivi, zaidi kidogo ya sehemu moja kwa tano ya England yote. Zamani kijiji kilikuwa na mashamba makubwa ya wazi yaliyogawanywa vipande vipande, na pori la wote. Maskini asiye na ardhi angeweza kuchunga ng'ombe mmoja pale, bata bukini wachache, kukata kuni. Wapimaji wakija, mwenye hati anapata kiwanja chake kwa mstari ulionyooka. Aliyekuwa na mazoea tu bila hati, mazoea yake yakaisha siku ile.

Mtu wako hapa ni John Clare. Kama utasoma mmoja tu kati ya wote ninaokutajia, soma huyu.

Alizaliwa 1793 Helpston, Northamptonshire, baba yake mpura nafaka. Sheria ya kuzungushia kijiji chao ilipita 1809, kijana ana miaka kumi na sita. Na sikiliza jambo linaloniuma: kazi ilipokuwa ngumu, Clare mwenyewe aliajiriwa katika genge la kuchimbia nguzo na kupanda miti ya ua. Alifunga njia zake kwa mikono yake, kwa kibarua. Baadaye akaandika shairi ambalo ardhi yenyewe inasema kwa kinywa chake. Eneo la machimbo pale kijijini linasimulia lilivyochukuliwa, linajisemea kama maskini aliyetupwa kwenye msaada wa parokia. Ardhi inasema mimi. Wakati huo kila mtu anaimba uzuri wa mashamba, yeye kaiacha ardhi ilalamike.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1820. London ikamshangaa kama wanavyomshangaa mtoto anayepiga hesabu za chuo kikuu. Wakamwita mkulima-mshairi, wakamwalika, akaenda na koti la kijani. Mchapishaji akamnyoosha lugha na kumtilia nukta, na mistari iliyowaudhi mabwana ikaondolewa. Clare alikuwa anaandika maneno ya kwao. Konokono kwake ni pooty, kwa sababu kijijini ndivyo walivyomwita. Wewe bibi yako anasema Kibondei, sivyo? Kuna maneno ya shamba ambayo akiyasema kwa Kiswahili yanakufa. Yaache hivyohivyo kwenye kaunta buku. Usiwe mchapishaji wa bibi yako.

Kufika 1827 kitabu chake kizuri kuliko vyote, kile cha miezi ya mwaka wa mchungaji, hakikununulika. Mitindo ilikuwa imebadilika. Watoto wengi, deni, akili ikaanza kuchoka, na 1837 wakampeleka kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili karibu na London. Julai 1841 akatoroka kwa miguu kurudi kwao. Kilomita kama 130, zaidi ya kutoka hapa mpaka Chalinze. Hana senti. Usiku akilala analaza kichwa upande wa kaskazini ili asubuhi asikosee njia. Siku ya tatu anakula majani ya kando ya barabara, anaandika kwamba yana ladha kama ya mkate. Alikuwa anamfuata msichana aliyempenda utotoni, Mary, ambaye alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma. Mwisho wa mwaka wakamrudisha hospitali nyingine, Northampton, akakaa humo mpaka alipokufa 1864, anaandika.

Kuku wanapiga kelele, nadhani kicheche karudi. Nitaendelea kesho.

Kandambili (Jumanne, saa 4:22 usiku)

Mwalimu sasa nitalala vipi?

Ila naomba kuuliza kama mtu wa mashine. Mimi nina kinu Mbagala, nakoboa na kusaga. Hao wapura nafaka waliojikuna miaka mia moja, si wangeleta mashine wakapumzika?

Mwalimu Mstaafu Tabata (Jumatano, saa 1:15 asubuhi)

Kandambili, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Mashine zililetwa. Na 1830 vibarua wakazivunja, kuanzia Kent, kisha kusini na mashariki yote. Walikuwa wanatuma barua za vitisho kwa wenye mashamba zikiwa na saini ya Kapteni Swing, mtu ambaye hakuwepo. Sababu ni kwamba kupura ndiyo ilikuwa kazi ya miezi ya baridi. Shambani hakuna kitu, theluji imelala, fimbo ya kupuria ndiyo mkate wa watoto mpaka majira ya kupanda. Mashine ikija inamaliza kwa siku chache kazi ya majira yote ya baridi, na kibarua anarudi nyumbani kukaa. Watu kumi na tisa walinyongwa, mamia wakapakiwa melini kwenda Australia. Cobbett wako, Mjukuu, alishtakiwa kwa kuchochea, akajitetea mwenyewe mahakamani, baraza likashindwa kukubaliana, wakamwachia.

Miaka sitini baadaye, 1891, Thomas Hardy anaandika mashine ya kupura ya mvuke katika riwaya yake ya Tess. Sasa hakuna anayeivunja. Tess amesimama juu yake tangu alfajiri, anafungua miganda, mashine haingoji mtu, anatetemeka mwili mzima hawezi hata kuongea. Linganisha na Duck: kwake kishindo ni cha fimbo anayoishika mwenyewe. Huyu hashiki kitu, mashine ndiyo inamshika yeye. Kwa watu wa kinu someni hiyo sura.

Kuhusu kwa nini wote wanalia. Alikuwepo profesa wa Cambridge, Raymond Williams, mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka kijiji cha mpakani Wales. Mwaka 1973 alitoa kitabu akalifuata swali lako lilelile. Anasema ni kama kupanda ngazi ya umeme inayokurudisha nyuma. Mwandishi wa 1912 anasema kijiji cha asili kimekwisha katika uhai wangu. Haya, tunarudi kwenye uhai wake, tunamkuta Hardy, naye anasema kimekwisha. Tunarudi kwa Clare. Kimekwisha. Kwa Goldsmith, 1770, huyo uliyemkuta maktaba. Kimekwisha. Mpaka kwa Thomas More, 1516, analalamika kondoo wamekuwa wakali wanakula watu, maana mabwana waliwafukuza wakulima wakaweka malisho ya sufu. Ngazi haisimami mpaka bustani ya Edeni. Williams hakusema wanadanganya. Kila mmoja ana hasara yake ya kweli, ila hasara hizo si moja, na pia mtu akikumbuka kijiji mara nyingi anakumbuka utoto wake, wakati ambao mtu mwingine ndiye aliyekuwa anabeba maji.

Mshairi Wordsworth utamkuta mwenyewe, yuko kila mahali kama bango la simu. Yule daktari wa mifugo wa Yorkshire aliyejiita James Herriot ni wa kucheka, msomee kwenye daladala. Flora Thompson umsome kwa ajili ya nguruwe: kila nyumba ina nguruwe mmoja, kijiji kizima kinajua afya yake, Jumapili wanaume wanatembeleana kumkuna mgongo. Mshahara wa baba shilingi kumi kwa wiki, kwa hiyo nguruwe ni benki.

Wawili wa mwisho ndio watakaokusaidia kazi yako. George Ewart Evans, 1956. Alikuwa mwalimu Mwelsh aliyehamia Blaxhall, Suffolk, akakuta majirani zake wazee ndio wa mwisho waliokata nyasi kwa mundu mrefu na kulima na farasi. Akaanza kuwauliza: hiki kinaitwaje, kinashikwaje, mlikula nini mkipumzika. Na Ronald Blythe, 1969, hapohapo Suffolk. Alikwenda nyumba kwa nyumba, kwa mhunzi, kwa mchimba makaburi, kwa mfanyakazi wa shamba, akawaacha waseme wenyewe kwa zamu, yeye akakaa kando. Jina la kijiji akalibuni ili wawe huru.

Usimwulize bibi maisha ya zamani yalikuwaje. Atakujibu yalikuwa mazuri, utaondoka na upepo mwanana wako. Mwulize jembe lake la kwanza lilitoka wapi.

MtazamaNdege (Jumatano, saa 1:40 asubuhi)

Kicheche alichukua wangapi, Mwalimu?

Mwalimu Mstaafu Tabata (Jumatano, saa 1:52 asubuhi)

Wawili, na tetea wangu aliyekuwa amelalia.

MjukuuWaMuheza (Jumapili, saa 3:05 usiku)

Mwalimu shikamoo, na pole kwa tetea. Wakuu wote, mrejesho.

Ijumaa nilipanda basi kwenda Muheza. Bibi aliuliza nimeleta nini. Nilikuwa na sukari na kanga, nikaruhusiwa kukaa.

Kwa ubishi nilianza na swali ambalo Mwalimu alinikataza. Nikamwambia, bibi, kijiji hiki zamani kilikuwa kizuri sana, eeh? Akaniangalia. Akasema, "Lini?"

Nikarudi kwenye jembe. Jembe lake la kwanza alinunuliwa na kaka yake, likaibwa, likapatikana kwa jirani, kesi ikaenda kwa jumbe, na mke wa jirani huyo ndiye aliyekuja kumzalisha baba yangu. Hilo tu lilichukua asubuhi nzima. Mchana akaingia kwenye mkonge. Sikuwahi kujua kwamba kipande cha babu, ile kadi ya siku thelathini za kazi, alikuwa anakitunza yeye ndani ya kibuyu, kwa sababu babu akilewa alikuwa anakipoteza, na siku isiyowekwa alama haina malipo. Na kuna wakati mgongo wa babu ulikataa, bibi akaenda naye kufunga matita ya majani ili idadi itimie. Alama ikawekwa ya babu. Nikamwuliza, bibi, hukulipwa? Akasema nilipwe na nani, jina halikuwa langu.

Moto wa alfajiri aliuwasha yeye, saa kumi. Nimeandika.

Kuna maneno manne ya Kibondei ya kazi ya mkonge ambayo shangazi na baba wanabishana maana yake mpaka sasa, nimeyaacha kama alivyoyasema. Kwenye simu nina dakika arobaini na mbili. Tatizo, nimesikiliza kwenye basi wakati wa kurudi, na kama dakika kumi na tano ni jogoo wa jirani. Kuna anayejua namna ya kupunguza jogoo bila kumpoteza bibi?